Kuuza vitu vyako mtandaoni Uingereza "bure": makato yamehamia wapi na upange vipi bei

Siku hizi kwenye magrupu yetu ya WhatsApp hapa Uingereza, mtu akiuliza wapi auze kigari cha mtoto au koti ambalo halimtoshi tena, jibu ni lilelile, weka eBay saivi bure, weka Vinted bure. Ni kweli muuzaji hakatwi, ila kuna mtu analipa, na huyo mtu ndo unayemtaka anunue, kwahiyo ukipanga bei kwa mazoea ya zamani kitu kinaweza kukaa wiki na wiki hamna hata anayeuliza, au kikaondoka dakika kumi tu ukajua hapa nimejipunja. Nitaeleza hesabu inavyokwenda kwa sisi tunaouza vitu vyetu vya ndani. Wenye biashara wana viwango vyao vingine, nitawagusa kidogo huko chini kwa sababu kuna watu wanajiita wauzaji binafsi na siyo.

Kilichobadilika

Zamani eBay ya Uingereza ukiuza kitu walikuwa wanakata 12.8% ya pesa yote aliyolipa mnunuzi, na nikisema yote ni mpaka ile ya posta, alafu wanaongeza peni 30 juu yake. Aprili 2024 wakafuta makato kwenye nguo kwa wauzaji binafsi, tarehe 1 Oktoba 2024 wakafuta karibu kwa kila kitu isipokuwa vyombo vya moto. Ujerumani walishaanza tangu Machi 2023, kwahiyo wenzetu wa Berlin na Hamburg hii waliizoea mapema.

Sasa Februari 2025 ikaja ada ya ulinzi wa mnunuzi. Mwanzoni ilikuwa peni 75 kwa kila kitu, jumlisha 4% mpaka £300, na 2% kwa kipande cha kutoka £300 hadi £4,000. Watu wa vitu vidogovidogo wakapiga kelele sana, na walikuwa na haki, maana kifulana cha mtoto cha £3 mnunuzi anakiona £3.87. Baadaye wakarekebisha ikawa hivi: peni 10 kwa kila kitu, jumlisha 7% ya pauni 20 za mwanzo, jumlisha 4% ya kipande cha kati ya £20 na £300, jumlisha 2% ya kipande cha £300 hadi £4,000, kinachozidi hapo hakina ada. Kifulana kilekile cha £3 saivi kinaonekana £3.31. Hiyo ndo nitakayoitumia kwenye hesabu zote za chini.

Vinted wao muuzaji hawamkati, mnunuzi ndo analipa, na kiwango kilichozoeleka hapa ni peni 70 na 5% ya bei. Depop, jukwaa jingine la nguo, walikuwa wanachukua 10% kwa muuzaji wakaifuta Machi 2024, ila soma vizuri hapo, ile ya kuchakata malipo, 2.9% na peni 30, bado inakatwa kwako, na mnunuzi naye ana ya kwake inayoweza kufika 5% na pauni moja. Kwahiyo mtu akikwambia Depop bure muulize bure ya wapi.

Mtu wa kwetu hii anaielewa haraka, ni ile ya "tuma na ya kutolea". Makato ya kutoa hayajafutwa, yamehamia tu kwa anayetuma, na anayetuma akiwa na laki moja mkononi atakutumia pungufu ya laki ili na ya kutolea iingie humohumo. Mnunuzi wako wa Leeds au Croydon naye ndo hivohivo, ana £40 kichwani ya koti, na posta, na ada, vyote vikae kwenye mahesabu yake.

Anza na bei anayoiona mnunuzi, rudi nyuma

Hili ndo kubwa kuliko yote. Ukiandika £40 kwenye tangazo la eBay, wewe unaona £40 na mnunuzi anaona £42.30, kwa sababu ada imeshachanganywa ndani ya bei inayoonekana. Jirani yako kwenye matokeo ya kutafuta ana koti kama hilohilo £40 kamili, labda ni duka au labda ni mtu aliyepiga hesabu, wewe unaonekana ghali na hujui kwa nini hupati mtu.

Fanya hivi. Kabla hujaandika chochote, toka kwenye akaunti yako au fungua dirisha la siri kwenye simu, tafuta kitu chako kama mnunuzi, alafu weka kichujio cha vitu vilivyokwisha kuuzwa. Usiangalie wanachoomba watu, mtu anaweza kuomba bei ya gari kwa baiskeli, angalia kilichoondoka. Ukipata kwamba makoti ya aina yako yanaondoka kwenye £38 mpaka £42, basi unataka mnunuzi akuone kwenye £40. Sasa rudi nyuma upate ya kuandika: kwa kitu ambacho mnunuzi ataona kati ya £21.50 na £312.70, toa peni 70 alafu gawanya kwa 1.04. Hapa ni 40 toa 0.70 ni 39.30, gawa kwa 1.04 unapata £37.79. Hiyo ndo unaandika na hiyo ndo inaingia kwako yote.

Kama kitu ni cha chini ya hapo, toa peni 10 alafu gawanya kwa 1.07. Kitu unachotaka kionekane £15 unaandika £13.93. Watu wanaogopa kuandika bei zenye mapengo namna hii wanataka £14 kamili au £13.99, hamna shida, ila jua kuwa mnunuzi hazioni hizo namba zako nzuri, anaziona za kwake, kwahiyo huo urembo wa .99 kwenye upande wako hauna kazi.

Linganisha sasa na zamani ujue kama umepunjwa au vipi. Koti hilohilo zamani ukiuza £40 na posta £3.50, 12.8% ya £43.50 na peni 30 juu ni karibu £6, ukilipa posta unabaki na kama £34. Saivi mnunuzi akitoa £40 ileile wewe unapata £37.79. Kwahiyo wanaosema hii ada mpya imetuumiza kuliko zamani, kwa bei hii siyo kweli, wanachosikia uchungu nacho ni ile miezi minne ya Oktoba 2024 mpaka Januari 2025 ambayo hakukuwa na ada upande wowote. Ile ilikuwa ofa, na ofa huisha.

Vitu vya bei ndo kabisa. Tableti ya £350 zamani walikuwa wanaondoka na kama £45, saivi ada ni £13.70 na analipa mnunuzi. Mimi kitu chochote cha elektroniki chenye thamani nakipeleka eBay bila kufikiri mara mbili, maana wanunuzi wake ni wengi na mtu anayetoa mamia anataka ulinzi, anaona £13 ya kulindwa ni halali yake.

Vitu vya £2, £3, £5

Hapa ndo pa kufikiri. Nguo za watoto zinatushinda wengi, mtoto anavaa wiki nane zimembana, una begi zima, unataka uweke moja moja upate £3 kila moja. Angalia upande wa pili. Vinted, kifulana £3, ada peni 70 na 5% inakuwa peni 85, alafu posta juu yake, mnunuzi anamaliza kulipa zaidi ya mara mbili ya bei ya kifulana chenyewe. Nani anafanya hivyo? Anakwenda dukani ananunua vipya pakiti nzima.

Vilevile vifulana sita uviweke kama fungu moja £18: ada inakuwa 70 na 90, £1.60. Mtu akivinunua kimoja kimoja sita angelipa £5.10 ya ada peke yake na posta mara sita. Kwa mnunuzi tofauti ni kubwa, na kwako ni kufunga mara moja, kwenda kwenye duka la vifurushi mara moja, kujibu meseji za mtu mmoja. Panga kwa umri, "miezi 3 hadi 6, vipande 12", taja na ni vya msimu gani, piga picha vyote vikiwa vimetandazwa kitandani alafu picha nyingine ya kile chenye doa. Ukiwasha sehemu ya punguzo la fungu kwenye Vinted, mtu akichukua viwili vitatu anapunguziwa mwenyewe bila kukuandikia "dada naomba unipunguzie".

Kwa eBay baada ya marekebisho, kufunga pamoja hakuokoi sana kwenye ada yenyewe, ni peni 10 kila kitu na asilimia ileile, kinachookoa ni posta. Kikubwa ni kwamba kitu cha chini ya £5 peke yake kwangu mimi hakina sababu ya kuwekwa popote penye posta, labda kiwe ni kitu adimu, kipande cha mchezo fulani ambacho watu hukipoteza, remote ya TV ya zamani, hivo vinaenda.

Ofa

Mnunuzi akituma ofa eBay anatuma namba aliyoiona yeye, ada ikiwa ndani. Akitoa ofa ya £25, wewe inakufikia £23.37. Mara ya kwanza ukiona £23.37 unaweza kudhani mtu anakuchezea, nani anatoa ofa ya senti, lakini mwenzako kaandika 25 kamili. Usimjibu kwa hasira. Na ukimrudishia ya kwako kumbuka naye ataiona imeongezeka, ukisema £24 yeye anaona £25.66, kwahiyo kama ulikuwa unataka kumfikishia "haya basi 25 tumalize" kubali tu ile 23.37 yake.

Kwa sababu hiyo usiweke nafasi ya kubageini kubwa kama ile ya Kariakoo. Sisi tumezoea kusema 60 tukitaka 40. Hapa mtu haulizi, anapita. Na kwenye eBay hiyo 60 yako imeshakuwa £63.10 machoni kwake, haifikii hata hatua ya kukuandikia. Weka asilimia 10 hivi ya kupumua, basi.

Posta

Zamani kulikuwa na ujanja, bei unaweka ndogo, posta unaweka £5 wakati unalipa £3.20, ile tofauti inalipia bahasha na nauli yako ya basi. Kwa eBay hiyo imekufa kwa vitu vingi, tangu 2025 walivyoleta Simple Delivery, mnunuzi analipa posta moja kwa moja kwao, wewe unapewa lebo au QR unakwenda kuskani Royal Mail (posta ya hapa) au Evri (kampuni ya vifurushi). Vinted nao ni hivyohivyo. Maana yake gharama ya bahasha, selotepu na karatasi ni yako na lazima ikae ndani ya bei, au usiinunue kabisa. Mimi bahasha zote za vitu vinavyokuja nyumbani nazifungua kwa mkasi pembeni siyo kuzirarua, nazigeuza, zinatumika tena.

Kinachobaki mikononi mwako ni uzito na ukubwa, na hapo bado kuna pesa, siyo yako moja kwa moja lakini ya mnunuzi, na ya mnunuzi ndo yako. Kifurushi kidogo cha Royal Mail mwisho wake ni sentimita 45 kwa 35 kwa 16 na kilo 2. Koti la baridi lenye manyoya kwa ndani ukilikunja kawaida linatoka kama mto, sentimita 25 kwenda juu, linaingia daraja la vifurushi vya kati na mnunuzi anaona posta imepanda. Lilaze kifudifudi, mikono ndani, likunje mara tatu kwa urefu, kalia kabisa hewa itoke, alafu liingize kwenye mfuko ukiwa bado umelibana na goti na ufunge selotepu ukiwa hujaliachia. Pima na rula. 15 linaingia. Uzito weka kwenye mizani ya jikoni, lifanye hivyo kabla ya kuweka tangazo siyo baada ya kuuza, na likiwa limeshafungwa, maana boksi peke yake linaweza kukuvusha kutoka chini ya kilo moja kwenda juu yake. Ukidanganya ukasema gramu 900 kumbe kilo na nusu, wakipima wao kuna kudaiwa tofauti.

Vitu vikubwa, kigari, kitanda cha mtoto, meza, usihangaike na posta. Kuchukua mwenyewe tu. eBay siku hizi hata mtu akija kuchukua mlangoni analipia ndani ya apu kwanza, ada ikiwemo, alafu anakuonyesha QR au namba za kuthibitisha unaziingiza ndo mauzo yanakamilika. Usimpe kitu kabla hujaziingiza, hata kama kaja na watoto na mvua inanyesha. Kwa kigari cha £60 mimi siendi huko, naweka Facebook Marketplace au Gumtree, mtu anakuja na keshi au anatuma benki tukiwa tumesimama pamoja naiona inaingia, hamna wa kumkata yeyote.

Pesa haiji siku hiyohiyo

Hili watu hawalihesabu kama makato ila kwa mtu mwenye shida ni makato. Vinted pesa inafunguka mnunuzi akithibitisha kitu kiko sawa, au siku mbili baada ya kupokea asiposema kitu. eBay kwa muuzaji binafsi nao wamefuata njia hiyo, kitu kifike kwanza, zipite siku mbili, ndo pesa inakuwa yako ya kutoa. Ukijumlisha na siku za posta na wikendi, Jumatatu umeuza, wiki inayofuata ndo unaishika. Kwahiyo usiuze simu leo kwa ajili ya kodi ya nyumba ya keshokutwa.

Na usitume bila namba ya kufuatilia kifurushi, mfumo ukishindwa kuona kwamba kimefika unasubiri zaidi. Risiti ya duka ulipokiacha ipige picha palepale, karatasi zenyewe zinafifia zikikaa mfukoni.

Pesa ikishafunguka inakaa kwenye salio la eBay, na hilo salio wanakushawishi ununulie humohumo. Sawa kama unahitaji kitu. Kama huhitaji itoe benki, maana pesa ikikaa mahali pa kununulia inanunua.

Kuna na kile kitufe cha kutangaza zaidi, wanakuambia tangazo lako litaonekana mbele kwa asilimia fulani ya mauzo. Hiyo ni makato, tena unajiwekea mwenyewe kwa mkono wako baada ya kufurahi kwamba makato yamefutwa. Kwa kitu cha kawaida ambacho watu wanakitafuta kwa jina huhitaji. Angalia kama hakijawashwa kabla ya kubonyeza kuchapisha.

Mambo ya HMRC

Hapa uvumi ni mwingi kuliko sheria. Tangu Januari 2024 majukwaa yanatakiwa kukusanya taarifa za wauzaji na kuzipeleka HMRC, mamlaka ya kodi ya hapa, za kwanza zilitakiwa zifike mwisho wa Januari 2025. Anayepelekwa ni aliyeuza vitu 30 au zaidi ndani ya mwaka wa kalenda, au aliyepokea zaidi ya yuro 2,000, ambayo ni kama £1,700. Ukifika karibu na hapo watakuomba namba yako ya National Insurance (bima ya taifa), ipe, maana usipotoa wanaweza kukuzuilia pesa.

Kupelekwa taarifa siyo kudaiwa. Koti lako ulilovaa, kigari cha mwanao, simu yako ya zamani, unauza kwa hasara kuliko ulivyonunua, hapo hamna kodi ya mapato, hata viwe vitu 60. Kitu kimoja cha binafsi kikiuzwa zaidi ya £6,000 ndo kuna habari ya kodi ya faida ya mtaji, na wengi wetu hatuna hicho kitu. Sasa kwa nini nalitaja kwenye makala ya makato? Kwa sababu makato yalivyofutwa watu wengi wameuza zaidi, na vifulana vya £3 vikiuzwa kimoja kimoja 30 zinafika kabla hujageuka. Mafungu yanakusaidia na huku pia.

Ila ukinunua ili uuze, hiyo ni biashara. Vikapu na vikoi ulivyobeba kutoka nyumbani ukirudi likizo, viatu unavyookota kwenye maduka ya hisani au car boot (mnada wa vitu vilivyotumika) Jumapili asubuhi ukauze mara mbili, hiyo siyo kusafisha kabati. Posho ya biashara ni £1,000 kwa mwaka wa kodi, wa kuanzia 6 Aprili mpaka 5 Aprili, na hiyo ni mauzo siyo faida, watu wanachanganya sana hapa, unasema nimepata faida ya 400 tu kumbe umeuza vya 1,600. Ukivuka unajisajili. Na akaunti yako inatakiwa iwe ya biashara, yenye makato yake ya muuzaji, na mnunuzi wako ana siku 14 za kubadili mawazo na kurudisha hata kama kitu hakina tatizo. Wewe binafsi unachodaiwa ni kitu kiwe kama ulivyoeleza. Ndo maana doa lipigwe picha na zipu iliyokwama iandikwe, "zipu inagoma ukifika nusu, inahitaji mkono wa taratibu", mtu akinunua baada ya kusoma hivyo hana pa kurudi.

Wale wa "tumalizane pembeni"

Ada ilivyohamia kwa mnunuzi, meseji za aina hii zimepata sababu nzuri ya kuandikwa: habari, naipenda, kwa nini tulipe ada, nitumie akaunti yako ya benki nikutumie, alafu wewe nitumie kwa posta. Inavutia kwa sababu hesabu yake ni ya kweli. Tatizo ni kwamba ukituma nje ya mfumo hamna wa kukutetea kifurushi "kisipofika", na akaunti inaweza kufungwa. Kwa posta lipwa ndani, hamna mjadala. Kukutana uso kwa uso ni kitu kingine.

Kwenye Facebook Marketplace kuna mwingine, anasema yuko mbali atamtuma mtu wa kampuni ya vifurushi aje na keshi kwenye bahasha, wewe lipia tu bima kwanza kwenye linki hii. Hamna kampuni inayobeba keshi ya kigari chako. Bloku.

Usifunge ndoa na jukwaa moja

Hizi ada zinazunguka. Marekani, jukwaa la nguo la Poshmark waliweka ada kwa mnunuzi mwanzoni mwa Oktoba 2024 wakapunguza ya muuzaji, malalamiko yakawa mengi, mwezi huohuo wakarudisha mfumo wa zamani wa 20% kwa muuzaji. Mercari ya hukohuko walifuta makato ya muuzaji Machi 2024, Januari 2025 wakarudisha 10%. Ndugu zetu wa Minneapolis na Houston waliojaza nguo huko wakati wa bure walijikuta wanapanga bei upya tangazo baada ya tangazo.

Kwahiyo kila baada ya muda fungua tangazo la majaribio, andika £40, usichapishe, angalia wanakuonyesha utapata ngapi na mnunuzi ataona ngapi. Hiyo skrini haina uvumi. Picha na maelezo yako yaweke kwenye simu yako pembeni, siyo ndani ya apu tu, ukihama unahama navyo dakika tano.

Na kama unauza kwa sababu unarudi nyumbani kabisa, kontena limeshaagizwa na nyumba unaiacha, panga kwa kurudi nyuma kutoka tarehe ya ndege. Vya posta vyote viwe vimeuzwa wiki tatu kabla, maana kuna siku za kufika, siku mbili za kusubiri, na yule mmoja atakayesema haiko kama picha na kurudisha ikufikie wakati bado una anwani. Wiki mbili za mwisho ni vya kuchukuliwa mlangoni kwa keshi tu, kuanzia friji, kwa sababu friji ndo kila mtu anasema atakuja kesho. Akaunti ya benki ya hapa usiifunge mpaka salio la kila apu lisome sifuri.